Ukisubiri bingwa wa ubongo Dodoma, unasubiri nini hasa?

Chukua mfano wa watu watatu waliotoka Manyoni wiki moja, wote wameshika rufaa ya kwenda kwa daktari bingwa wa upasuaji wa ubongo, uti wa mgongo na mishipa ya fahamu. Wa kwanza kaingizwa chumba cha upasuaji usiku uleule. Wa pili kaambiwa arudi baada ya wiki tatu. Wa tatu kapewa tarehe ya mbali mpaka akamuuliza karani kama hajakosea mwezi. Wakikutana stendi wakasimuliana, yule wa tatu atasema kuna watu wanajuana humo ndani. Sitamwapia kwamba hakuna kujuana. Ila mara nyingi kinachowatenganisha watu hawa hakihusiani kabisa na nani anamjua nani. Wako kwenye foleni tofauti, na hakuna aliyewaeleza.

Kwa hiyo mtu akiuliza, "Nikienda Hospitali ya Mkapa, Dodoma, nitamwona daktari wa ubongo baada ya muda gani?", mimi humrudishia maswali. Una nini? Barua yako imeandikwa nini? Picha unayo? Na je, unataka kumwona daktari, au unataka kupasuliwa? Hayo mawili watu huyachanganya, na ndipo hesabu yao inapoharibika.

Tuanze na saa inayohesabu. Huko England mfumo wa afya wa umma ulijiwekea lengo kwamba mgonjwa asiye wa dharura aanze matibabu ndani ya wiki 18 tangu alipopewa rufaa. Lengo lenyewe halijatimizwa kwa miaka mingi sasa, lakini walau saa inajulikana inaanzia wapi. Kwetu mgonjwa huhesabu tangu siku mgongo ulipomkamata shambani, na hospitali huhesabu tangu jina lake lilipoingia kwenye daftari la kliniki. Katikati ya siku hizo mbili kuna diklofenaki za duka la dawa, kuna mama mmoja hodari wa kuchua, kuna mganga, kuna zahanati, halafu kuna alizeti ambayo lazima ivunwe na kuuzwa ndipo nauli ipatikane. Mvua Dodoma ni msimu mmoja tu, kati ya Novemba au Desemba na Aprili, na fedha nazo huja kwa msimu. Mtu akikwambia amesubiri miezi minane, muulize kwa upole ni mingapi kati ya hiyo aliisubiria hospitalini.

Njia rasmi ni ngazi: zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, hospitali ya rufaa ya mkoa, kisha hospitali ya kanda au ya ubingwa wa juu. Kwa Kanda ya Kati ngazi hiyo ya juu ni Hospitali ya Benjamin Mkapa, ile iliyo jirani na Chuo Kikuu cha Dodoma, iliyofunguliwa mwaka 2015. Zamani mgonjwa wa ubongo wa Kondoa au Mpwapwa hakuwa na kituo kabla ya Dar es Salaam, leo anacho. Ngazi hizi watu huziona kama usumbufu, na kweli nyingine ni usumbufu. Lakini kinachosafiri juu ya ngazi ni barua, na barua ndiyo humwakilisha mgonjwa kabla daktari hajamwona.

Hapa nataka nikae kidogo, maana ndipo wengi wanapopoteza wiki bila kujua. Barua inayosema "mgonjwa ana maumivu ya mgongo, apelekwe kwa bingwa" haina kosa lolote, ila imemweka mgonjwa mwisho wa mstari, kwa sababu watu wazima wengi wa nchi hii mgongo unawauma. Barua inayosema kwamba mgongo unamuuma kwa wiki sita, kwamba tangu juzi mguu wa kushoto umelegea hawezi kuinua wayo, na kwamba mkojo umeanza kumsumbua, hiyo ikifika mezani mtu ananyanyuka. Mgonjwa anaweza kuwa yuleyule. Tofauti ni kwamba wa kwanza hakuulizwa habari za mkojo, au aliulizwa mbele za watu akaona haya. Usione haya. Kabla hujaondoka wilayani muulize daktari kama ameandika nguvu za miguu na mikono, ganzi iko wapi, choo na mkojo vikoje, na hali ilianza lini. Ni haki yako kujua barua yako inasema nini.

Daktari anayepanga wagonjwa hana muda wa kuangalia nani katangulia kufika. Anajiuliza jambo moja: huyu akikaa wiki moja bila kuguswa, atapoteza kitu gani ambacho hakitarudi? Jibu ndilo linalopanga foleni.

Kijana wa bodaboda aliyeanguka akapigiza kichwa anaweza kuinuka, akajibu maswali, akaomba hata maji, kisha baada ya saa chache akaanza kusinzia na kutapika. Fuvu halitanuki. Damu ikijikusanya ndani yake, ubongo ndio unaobanwa. Madaktari humpima kwa alama za fahamu zinazoanzia 3 hadi 15, wakitazama anavyofungua macho, anavyoongea na anavyosogeza viungo; alama zikishuka, kinachohesabiwa ni dakika. Huyu hana kliniki wala tarehe. Anapita mlango wa dharura, na kila aliyekuwa mbele yake anasogezwa nyuma.

Mtoto mchanga ambaye kichwa kinakua kupita kiasi, utosi umevimba, macho yamekaa kama yanatazama chini muda wote, naye si wa kungoja miezi. Maji yanajaa kwenye ubongo na kila wiki ina gharama yake. Aliyezaliwa na mgongo wazi inafaa kidonda kifungwe ndani ya siku mbili tatu za kwanza, kabla vijidudu havijapata njia. (Mgongo wazi kwa sehemu kubwa huzuilika mama akiwa na foliki asidi ya kutosha kabla ya kushika mimba. Kliniki ya wajawazito huwa imeshachelewa, kwa kuwa uti wa mgongo wa mtoto hujifunga ndani ya wiki nne hivi za mwanzo, wakati mama wengi hawajajua kama wana mimba.)

Yule wa mkojo niliyemtaja kwenye barua ni dharura pia. Mwisho wa uti wa mgongo kuna fungu la mishipa ya fahamu inayoendesha miguu, kibofu na haja kubwa. Diski, kile kipande laini kilicho kati ya pingili na pingili za mgongo, ikilibana ghafla, mtu hupata ganzi sehemu anazokalia na za siri, miguu yote inalegea, mkojo unakataa kutoka au unatoka wenyewe. Akipasuliwa mapema ana nafasi ya kurudi hali yake. Akichelewa anaweza kubaki na mpira wa mkojo maisha yake yote. Mtu wa namna hii akiwa na karatasi ya kliniki ya mwezi ujao, aiweke mfukoni aende dharura leo.

Halafu kuna mzee ambaye mwezi uliopita aligonga kichwa kwenye kizingiti cha mlango, hakuvimba hata nundu, na sasa anasahau, anayumba, anaongea ovyo. Nyumbani wanasema uzee umefika, au kiharusi. Huenda ni damu iliyovuja taratibu juu ya ubongo, ambayo mara nyingi hutolewa kwa tundu dogo moja au mawili kwenye fuvu, na mzee akarudi kucheza bao. Namtaja kwa sababu ndiye anayepotea zaidi kwenye mfumo. Hana kelele, hana jeraha, na nyumbani wameshakubali kwamba amezeeka.

Baada ya hao ndipo huja kundi kubwa linalosubiri kweli: diski za mgongo zisizoleta udhaifu, uvimbe wa ubongo unaokua polepole sana, maumivu ya shingo yanayoshuka mkononi. Kwa wengi wao kusubiri hakumaanishi kusahauliwa. Wengi wenye maumivu ya diski yanayoshuka mguuni hupata nafuu bila kisu ndani ya wiki chache hadi miezi mitatu hivi, kwa dawa, mazoezi tiba na kutolala kitandani mchana kutwa. Mpasuaji mwenye busara huwa hana haraka na mgongo wa namna hiyo. Kuna wanaomwona kuwa mvivu. Mimi nina wasiwasi zaidi na yule mwenye haraka.

Wapo pia ambao hawakupaswa kuwa kwenye foleni hii. Watu husikia "daktari wa ubongo" wakadhani ni mmoja wa yote. Mwenye kifafa, mwenye kipandauso, na wengi wa wenye kiharusi huhitaji daktari wa magonjwa ya ndani au bingwa wa mishipa ya fahamu asiyepasua. Mpasuaji huwaona wachache wao tu. Kifua kikuu cha uti wa mgongo kinapinda mgongo wa kijana kama ugonjwa wa kupasua, kumbe kwa wengi tiba yake kuu ni dawa za TB, zinazotolewa bure, za kumezwa kwa miezi mingi. Na Dodoma tuna jambo letu la pekee, Mirembe. Hospitali hiyo ya afya ya akili ipo tangu enzi za mkoloni na jina lake limejaa vichwani mwetu, basi mtu akibadilika tabia moja kwa moja hupelekwa huko. Wengi wanakuwa wamefika panapowafaa. Ila mabadiliko ya tabia yanayoandamana na kuumwa kichwa kila asubuhi, kutapika, kuona ukungu au degedege la ukubwani yanahitaji picha ya kichwa kabla ya jambo lingine lolote.

Picha nayo ni kituo chake. Eksirei ya kawaida haionyeshi ubongo. CT-scan huona vizuri damu na mifupa, ni ya dakika chache, na katika miaka hii ya 2020 imefika kwenye hospitali nyingi za rufaa za mikoa. MRI ndiyo inayoonyesha vizuri uti wa mgongo, diski na uvimbe, lakini mtu mmoja huchukua nusu saa na zaidi ndani ya mashine, na mashine zenyewe ni chache, na ni ghali. Mwenye bima husubiri kibali. Anayelipa taslimu husubiri ndugu wachange. Mgonjwa akifika kwa bingwa bila picha, kikao cha kwanza huishia kwenye karatasi ya kuagiza picha, na anarudi mwisho wa mstari. Mwingine anakuja na ripoti ya karatasi tu, picha zenyewe kaziacha Singida kwenye CD aliyoiweka kabatini. Mpasuaji anataka kuziona picha kwa macho yake, kwa sababu yeye ndiye atakayeingiza mkono.

Sasa madaktari wenyewe. Kipimo kinachotajwa sana katika fani hii duniani ni mpasuaji mmoja wa ubongo kwa watu 200,000. Sensa ya 2022 iliihesabu Dodoma kuwa na watu 3,085,625 na Singida 2,008,058. Kwa mikoa hiyo miwili peke yake tungehitaji wapasuaji 25 hivi, na kwa nchi nzima, iliyokuwa na watu 61,741,120, zaidi ya 300. Tulio nao nchi nzima ni makumi, na wengi wako Dar es Salaam. Hawatengenezwi kwa haraka: shahada ya udaktari miaka mitano, mwaka mmoja wa mafunzo kwa vitendo, kisha miaka mingine minne hadi sita hivi ya ubingwa, na katikati kuna kusubiri ajira na ufadhili. Anayeingia mwaka wa kwanza wa udaktari leo atashika kisu cha ubongo kwa jina lake zaidi ya miaka kumi ijayo.

Uhaba huu una historia ya karibu kabisa na kwetu. Mwaka 2006 mpasuaji wa ubongo kutoka Marekani, Dilan Ellegala, alifika Haydom, ile hospitali ya Kilutheri iliyoko Mbulu ambako hata watu wa Singida hukimbilia. Wapasuaji wa ubongo wa Tanzania wakati huo walikuwa wa kuhesabika kwa vidole. Ellegala akamfundisha Emmanuel Mayegga, aliyekuwa daktari msaidizi tu hapo hospitalini, namna ya kufungua fuvu na kufanya upasuaji wa msingi, na Mayegga akaendelea hata mwenzake alipoondoka. Wapo waliopinga mtindo huo na hoja zao zilikuwa na uzito. Lakini mwenye mgonjwa aliyepoteza fahamu, na lami iko mbali, anaipima hoja hiyo kwa mizani nyingine.

Tuseme basi umemwona bingwa, picha anayo, amesema utapasuliwa. Hapo unatoka foleni moja na kuingia nyingine, na mara nyingi hii ya pili ndiyo ndefu. Upasuaji wa ubongo hula saa tatu, nne, hata nane. Unahitaji daktari wa usingizi, damu iliyo tayari, vifaa (skrubu za mgongo au mrija wa kutoa maji kichwani havikai kwenye kila kabati), na zaidi ya yote kitanda kitupu kwenye chumba cha uangalizi maalumu, ICU. Kitanda kisipokuwepo, mpasuaji anaweza kuwa amevaa glavu na bado shughuli ikaahirishwa. Ataanzaje kumfungua mtu kichwa kabla hajajua atamlaza wapi?

Fanya hesabu ya kubuni. Hospitali ina siku mbili za upasuaji wa ubongo kwa wiki, wagonjwa wawili kwa siku: wanne kwa wiki. Kliniki inaongeza watano kwenye orodha kila wiki. Amebaki mmoja tu. Baada ya mwaka wamebaki 52, na anayeandikwa siku hiyo ana wiki 13 mbele yake, bila mtu yeyote kuzembea. Na hapo sijaweka dharura. Dodoma ni njia panda. Malori ya Rwanda, Burundi na Kongo yanapita kuelekea Singida, na barabara ya Iringa inakatiza mjini kwenda Kondoa na Babati. Juu yake weka bodaboda, ambapo kofia ngumu ni moja na ni ya dereva. Ongeza warina asali wa Itigi na wachuma ukwaju wanaodondoka mitini wakivunja uti wa mgongo. Kila fuvu linalofunguliwa usiku wa manane linachukua nafasi ya aliyefunga kula tangu saa mbili usiku akisubiri zamu yake ya asubuhi. Atakasirika, na ana haki ya kukasirika, na bado uamuzi ulikuwa sahihi.

Fedha hubadilisha baadhi ya foleni, si zote. Hospitali nyingine zina kliniki za kulipia za jioni au za haraka. Hizo humfikisha mtu mbele ya daktari mapema, lakini haziongezi kitanda cha ICU. Bima nayo ina mipaka yake. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023, lakini swali la kuuliza kabla ya kupanda basi bado ni kadi yako wewe inafika ngazi gani ya hospitali na inalipia picha na vifaa gani. Asiye na kitu kabisa aanzie ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali mapema, akiwa na barua ya mtendaji wake. Wengi hupelekwa huko wakati bili imeshawashinda.

Na Dar je? Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, iliyoanzishwa mwaka 1996, ndiyo yenye wapasuaji wengi na uzoefu mkubwa kuliko wote nchini, na tangu treni ya SGR ianze safari mwaka 2024, Dodoma hadi Dar ni saa nne hivi. Kwa hiyo watu hupanda treni wakidhani wamekwepa foleni. Wakati mwingine ni kweli, hasa kwa magonjwa ambayo Dodoma hayafanyiwi. Wakati mwingine umeiacha foleni ya kanda ukajiunga na ya nchi nzima, huku unalipia chumba Mbezi na ndugu wawili wa kukuuguza. Kama daktari wa Dodoma hajasema uende, muulize kwanza kule kuna nini ambacho hapa hakipo. Akijibu kwa jina la kipimo au la upasuaji fulani, safari ina maana.

Tarehe uliyopewa, hata ikiwa ya mbali, ilipangwa kwa hali uliyokuwa nayo siku ile. Mguu ukianza kulegea, kuona kukififia, kichwa kikianza kukuamsha usiku, hiyo ni hali mpya, na inarudishwa hospitali kama hali mpya: piga simu au nenda, sema kilichobadilika na kimeanza lini. Vilevile nafasi huwa zinafunguka ghafla, mtu ana homa au presha imepanda, akaondolewa kwenye orodha ya kesho. Muuguzi hushika simu na kuanza kuwapigia wanaofuata kwenye foleni. Asiyepatikana anarukwa, anapigiwa wa pili yake. Dirishani andikisha namba mbili za simu, na ya pili iwe ya mtu ambaye kule shambani kwake mtandao unashika.